Sindano ya Ng'ombe

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa mtu anayepiga hodi halafu asitaje jina lake. Mama yangu alikuwa akinitania kwamba niliogopa hata kutoka tumboni, ndiyo maana nilimkalisha mkunga mpaka chai yake ikapoa. Watu huniuliza niliwezaje basi kufanya kazi miaka yote ile kwenye kituo cha mifugo nje ya mji wa Tanga, katikati ya pembe na kwato. Jibu langu ni kwamba ng'ombe simwogopi. Ng'ombe akitaka kukupiga teke anakwambia kwanza, ukijua kumsoma masikio na mkia. Ninachokiogopa mimi ni kile kinachokuja bila kubisha.

Mwaka wa chanjo ya minyoo ya maini kilinijia hivyo.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Sisi tuliokuwa tumekulia kwenye foleni za sabuni na unga wa njano tulikuwa tukipita madukani Ngamiani tunashangaa: sabuni za rangi zote, mafuta ya kula ya nchi sijui gani, redio mpaka barazani. Kila kitu kilikuwapo, ila kazi. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kwenye kiwanda cha kamba za mkonge, akawa anaamka asubuhi kwenda kutandaza mitumba kando ya barabara, naye ni mtu ambaye hajawahi kumwita mteja kwa sauti maishani mwake. Kituoni kwetu gari lilikuwa juu ya matofali. Dawa za ng'ombe tulizokuwa tukiwapa wafugaji bure zilihamia madukani, na nyingine, ukizitia kwenye maji, zilikuwa zikituama chini mithili ya chaki.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na ng'ombe Mwera, huko Pangani. Baada ya mavuno ya mpunga aliwaachia wale majani ya bondeni, na bondeni ndiko waliko konokono wa majini, na konokono ndiye anayebeba minyoo ile. Ng'ombe anakula jani lenye kifuko cha mdudu kidogo kuliko mbegu ya mchicha, mdudu anatoboa utumbo, anakwenda zake mpaka kwenye ini, anakaa humo akinenepa na kuwa bapa mfano wa jani. Ng'ombe anakonda, anavimba chini ya taya kana kwamba amebeba kibuyu, anakufa. Mjomba alikuwa ameshazika kadhaa. Kila akija mjini alikuwa akikaa kwenye kigoda cha mama na kuniuliza swali lile lile.

"Nyie wasomi, dawa ya kweli mtaileta lini? Au mwangoja nifuge kuku?"

Kwa hiyo mradi ulipokuja, na gari likashushwa kwenye matofali, mimi nilikuwa na furaha ya watu wawili. Wageni waliuleta, wakaanza nasi, wakaondoka, wakamwachia daktari wetu wa mifugo aendeshe. Daktari alikuwa mtu mzima wa Kibondei, mpole, mwenye mzaha mkavu, na alinipenda kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi wa kuchoma sindano. Chanjo yenyewe ilikuwa mpya kabisa duniani. Alitukusanya chini ya bati la zizi akatueleza. Chanjo za zamani, alisema, zinampa ng'ombe mdudu aliyeuawa au aliyedhoofishwa, mwili umzoee. Hii haimpi mdudu. Inampa maelekezo tu, yaliyotolewa kwenye chembe za urithi za mdudu mwenyewe, na nyama ya ng'ombe ikiyapokea inakaa kutengeneza kipande cha mdudu humo humo ndani, mpaka damu ijifunze kukipiga vita.

"Hatumpelekei chakula," alisema. "Tunampelekea mapishi, apike mwenyewe."

Tulicheka. Mmoja wetu aliuliza kama ng'ombe anaweza kukosea mapishi akazaa mnyoo, tukacheka zaidi. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kazi ilikuwa rahisi kueleza. Madume fulani yangepewa chanjo, mengine yangepewa maji ya chumvi. Baadaye wote wangelishwa vifuko vya minyoo, tungesubiri wakue, kisha ng'ombe wangechinjwa na tungehesabu minyoo ndani ya maini yao. Chanjo ikishika, maini ya waliochanjwa yangekuwa na minyoo michache. Sindano zilikuwa mbili, na kati yake muda wa kupumzika. Ya kwanza niliichoma salama, nikarudi nyumbani nikiimba.

Kabla ya sindano ya pili nilijua nina mimba.

Sasa, kwetu mimba haisemwi. Mwanamke anafunga kanga yake pana, anaendelea na shughuli, na wanaomwona wanajifanya hawaoni, mpaka tumbo lenyewe litoe taarifa. Anayeuliza mapema ana husuda au hana adabu. Mimi nilikuwa nimeshaikosea kawaida hiyo na nikaona nimelipa. Mimba ya kwanza nilimnong'oneza shoga yangu, ikatoka. Ya pili nilijiachia nikanunua kofia ya mtoto, ikatoka. Nimesoma, najua mimba haitoki kwa sababu ya ulimi wala kofia. Lakini elimu yangu ilikuwa ikiishia mlangoni pa maabara. Nikifika nyumbani nilikuwa binti wa mama yangu. Ya tatu nilifunga mdomo. Hata mume wangu nilimwacha akisie mwenyewe, na alipokisia alinikazia macho, kisha akaanza kuninunulia machungwa.

Ningeweza kuomba nisichome siku ile. Ningeulizwa kwa nini. Na uongo wa ghafla mimi siwezi, nababaika, natoka jasho puani. Nikavaa koti jeupe, nikavaa glovu, nikaenda zizini.

Ng'ombe tulikuwa tukiwapitisha mmoja mmoja kwenye njia nyembamba ya magogo, wakibanwa mbele na nyuma. Lilikuja dume jekundu lenye doa shavuni, ambalo mimi nililipenda kwa sababu lilikuwa na heshima. Masikio yalikuwa yametulia. Niliingiza sindano kwenye msuli wa shingo, nikaanza kusukuma, na papo hapo bati likavuma juu yetu kwa upepo. Dume likaruka. Sindano ikachomoka shingoni, ikatua kwenye kidole gumba changu, chini kabisa, kwenye nyama nono, na mkono wangu mwingine ulikuwa bado unasukuma.

Nilihisi ubaridi ukiingia, kwa maana chanjo ilikuwa imetoka kwenye friji. Maumivu yalikuja baadaye. Ule ubaridi ndio nausikia mpaka leo nikipitisha mkono kwenye maji ya mtungi.

Daktari alinivua glovu, akanipeleka bombani, akanikamua kidole kwa sabuni mpaka kikawa cheupe. Alikuwa ametulia.

"Si kitu," alisema. "Dozi ya ng'ombe kwa mwanamke mnene kama wewe ni tone tu. Basi tena, umepona minyoo ya maini maishani."

Wenzangu walicheka. Na mimi nilicheka, nikafunga bendeji, nikamaliza ng'ombe waliobaki. Hofu haikunishika pale. Ilinishika nyumbani, nimeinama nikipepeta mchele. Nilikumbuka maneno ya daktari, kwamba hatumpelekei chakula, tunampelekea mapishi. Nikajiuliza: jikoni kwangu kuna nani sasa hivi? Kuna mimi, na kuna mwingine ambaye bado hana hata vidole, ambaye yeye mwenyewe anafuata maelekezo yake ya kutengeneza macho na moyo. Kama karatasi ngeni imeingia kati ya karatasi zake, atajuaje ipi ni yake? Ungo ulinitoka mkononi na mchele ukamwagika ua mzima.

Mama alitoka chumbani akautazama mchele, akanitazama mimi.

"Umeona nyoka?"

"Kizunguzungu tu, mama."

"Kizunguzungu," alisema, akainama kuokota. Baada ya hapo aliacha kukaanga papa ndani ya nyumba, kwa sababu alijua harufu yake ilikuwa inanikimbiza, na sababu hakuitaja. Alikuwa na macho ya kuona mimba kabla ya mwenyewe kujua. Nilijua kuwa anajua, naye alijua kuwa najua. Tukakaa hivyo, wanawake wawili kwenye nyumba moja, tukizunguka jambo lile kama watu wanaolikwepa jiwe katikati ya ua. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Lakini hao hao ndio waliotufundisha kuficha, sasa nimfuate nani?

Nilichokuwa nikiogopa nakisema wazi. Sikuogopa kufa. Niliogopa kuzaa kitu. Nilikuwa nikifunga macho naona mtoto bapa. Naona mtoto mwenye ngozi ya kijivu, laini, asiye na uso. Nilikuwa nakaa kwenye maabara mbele ya chupa zetu za minyoo iliyohifadhiwa, nikigeuza kiti niipe mgongo. Nikasoma kila karatasi ya mradi iliyokuwa kwenye kabati. Ziliongea juu ya panya, kondoo na ng'ombe. Mwanamke mja mzito hakuwamo hata kwenye sentensi moja, na nani angemweka?

Nilimzungukia daktari kwa maswali. Nilijifanya nauliza kwa faida ya kazi. Je, maelekezo yale yakishaingia kwenye nyama, yanatoka lini? Alisema yanakaa kwa muda, kisha yanachakaa. Muda gani? Alisema hilo ndilo mojawapo ya mambo yanayotafutwa. Je, yanaweza kuhama msuli yakaenda kwingine? Alivua miwani akaifuta.

"Kwa nadharia, haielekei," alisema.

Mtu mwoga usimpe neno haielekei. Nilirudi nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Hapo ndipo akili yangu ilipogeuka kinyume na watu wote. Kituo kizima kilikuwa kikiomba chanjo ishike. Daktari aliomba, kwani kituo kingepata mradi mwingine na gari lisingerudi kwenye matofali. Mjomba Mwera aliomba, maana ng'ombe wengine wawili walikuwa wameanza kuvimba taya. Mimi peke yangu nilikuwa nikiinuka kwenye mswala nikiomba isishike. Niliwaza hivi: kama haifanyi kazi kwa dume lililopewa dozi mbili kamili, basi kwangu pia imelala, imekufa, ni maji tu. Lakini ikishika, maana yake kweli nyama inapokea na kupika. Nilikuwa nikimwomba Mungu ng'ombe wa mjomba wangu wafe ili mwanangu awe na uso, na dua hiyo nilikuwa nikiitoa kwa machozi.

Kabla ya kuchinja kulikuwa na kipimo cha damu. Tulikuwa na sahani za plastiki zenye vishimo vidogo vidogo. Unaweka maji ya damu ya ng'ombe kwenye kishimo, unafuatisha dawa za utambuzi, unasubiri. Damu iliyojifunza kumpiga vita mnyoo inageuza kishimo kuwa cha njano. Ambayo haijajifunza inabaki nyeupe. Sahani hizo zilitengenezwa kutumiwa mara moja na kutupwa, lakini nani angetupa? Sisi tulikuwa tukiziosha kwa sabuni ya unga, tukizisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kuzianika juu ya gazeti. Kazi ya kuziosha ilikuwa yangu.

Siku hiyo nilijitoa damu mwenyewe chooni, nikaja na kichupa mfukoni. Kulikuwa na kishimo kimoja kitupu pembeni mwa sahani. Nikatia humo.

Nilisubiri nimesimama. Vishimo vya madume yaliyochanjwa vilianza kubadilika, kimoja baada ya kingine, vingine njano iliyokolea, vingine hafifu. Nilishika ukingo wa meza. Changu kilibaki cheupe. Nilisubiri zaidi ya muda wa kawaida, nikakiinamia mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye plastiki. Cheupe. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha, kisha nikaingia kazini nikiwa na njaa ya ajabu, nikala mihogo ya watu wawili.

Mchana daktari alikuja kusoma sahani. Alikuwa na tabia ya kupitisha kalamu juu ya vishimo akihesabu kwa midomo. Alipofika pembeni alisimama.

"Huyu nani? Hatuna ng'ombe hapa."

Nilitoka jasho puani. "Mimi, daktari."

Alinitazama bila kukasirika. Nilimwambia nilitaka tu kujua, kwa sababu ya ile sindano, na namshukuru Mungu ni nyeupe. Alikaa kwenye kiti. Alisema polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Mwanangu, dawa ya mwisho tunayotia humu inatambua damu ya ng'ombe. Wewe si ng'ombe. Hata damu yako ingejaa silaha mpaka juu, kishimo kingebaki cheupe. Wewe si ndiye uliyenifundishia wanafunzi jambo hilo mwaka jana?"

Ni kweli, mimi ndiye niliyewafundisha. Hofu ilikuwa imenifuta kichwani kitu ninachokijua kama jina langu. Mihogo yote niliyokula ilirudi. Daktari alinishika bega nikitapika dirishani, akaniuliza kama nina malaria, nikamwambia ndiyo.

Siku ya kuchinja ilifika tumbo likiwa kubwa, ila mimi ni mnene na koti langu lilikuwa pana. Mchinjaji alikuwa mzee wa mjini, mtu wa swala tano, aliyeajiriwa kwa siku hiyo. Alilielekeza kila dume kibla, akapiga bismillahi, akamaliza kazi kwa mkato mmoja. Lakini nyama ilikuwa haramu kuliwa kwa amri ya mradi. Shimo lilikuwa limechimbwa, kuni na mafuta ya taa tayari. Mzee alipoona paja la kwanza linatupwa motoni alishusha kisu.

"Nimechinja kwa jina la Mungu, mnaunguza?"

Daktari alimweleza ni chanjo ya majaribio, haijaruhusiwa kwa mlaji.

"Ina madhara?"

"Hatudhani ina madhara."

"Kama haina madhara mwaichomea nini?" Mzee hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na watu waliokuwa wamekusanyika nje ya uzio, kwa kuvutwa na harufu ya nyama ambayo wengine hawakuionja tangu sikukuu, walisubiri jibu pamoja naye. Pamoja na mimi. Daktari alisema ni utaratibu. Mzee alitikisa kichwa akarudi kwenye kazi yake, na mimi nilisimama na beseni mkononi nikitazama lile dume jekundu lenye doa shavuni likiingia motoni vipande vipande. Dozi yake nilikuwa nayo mimi. Yale yanayochomwa kwake yalikuwa kwangu yakitembea.

Tulikata maini kwenye meza ndefu chini ya bati. Ya ng'ombe wa maji ya chumvi yalikuwa magumu, mishipa ya nyongo imevimba na kukwaruza kisu, na ukiminya kipande ndani ya maji ya vuguvugu minyoo ilitoka ikielea, bapa, ya kijivu, mizito. Hayo tuliyatarajia. Ndipo tukafika kwa waliochanjwa. La kwanza lilikuwa laini, zuri, lenye minyoo ya kuokoteza. Watu wakapiga makofi. La pili hivyo hivyo, na mimi sikupiga makofi. La tatu likawa bovu kabisa, gumu kama la ng'ombe wa maji ya chumvi. La nne bovu. La tano safi. Yakaendelea hivyo mpaka mwisho, hili jema, hili baya, bila mpango wowote ambao mtu angeuona. Kumbe ni sawa na zile njano za kwenye sahani, nyingine zilizokolea na nyingine hafifu.

Nilikuwa nimeinama kwenye beseni upepo uliponishika koti kwa nyuma na kulibana mwilini. Nilipoinua kichwa daktari alikuwa ananitazama tumbo. Macho yake yalikwenda kutoka tumboni hadi kwenye kidole gumba changu, yakarudi. Nikaona anahesabu miezi kama alivyohesabu vishimo, kwa midomo. Mtu huyu aliyetulia siku ya sindano, aliyecheka na kunitania, sasa alikuwa na hofu usoni, na kuiona hofu ile kwake kulinitisha kuliko minyoo yote niliyowahi kuiona. Alifungua mdomo. Lakini naye ni wa kwetu, mimba haisemwi.

"Nenda kakae kivulini," alisema. "Mimi nitamalizia."

Mjomba alifika siku hiyo hiyo kutoka Mwera, na kanzu yake ya safari. Alinikuta kivulini.

"Haya, n'ambie. Imeshika?"

"Imeshika kwa baadhi, mjomba."

"Baadhi?" Alikunja uso. "Baadhi ndo nini? Ng'ombe wangu mimi watakuwa baadhi ipi?"

"Hakuna anayejua mpaka wachinjwe."

Mjomba alicheka kicheko kibaya. "Basi hiyo si chanjo, mwanangu. Hiyo ni bahati nasibu." Kisha aliona nalia, akadhani nalilia ng'ombe wake. Akanibembeleza, masikini, yeye aliyekuwa akirudi kwenye zizi linalokwisha.

Miezi iliyobaki sina haja ya kuieleza yote. Mtoto alikuwa akicheza tumboni, na kila akicheza mimi nilijiuliza ni mguu au ni nini. Mama alianza kunikanda kiuno kwa mafuta ya nazi bila kusema anakanda kwa ajili gani. Jioni moja, mikono yake ikiwa mgongoni kwangu, nilimwambia. Sikumwambia mimba, nilimwambia sindano. Nilisema nilichomwa dawa ya ng'ombe na sijui itanifanyaje. Mikono ilisimama.

"Ulichomwa ukiwa peke yako," aliuliza mama, "au mlikuwa wawili?"

"Wawili."

Ndilo neno la kwanza tulilowahi kusema juu ya mtoto yule. Mama alimaliza kunikanda. Alipokwenda chumbani nilimsikia analia ndani ya kanga yake, na mama yangu hakuwa mtu wa kulia. Sasa hofu ikawa na watu wawili wa kuibeba, ila kwangu haikupungua uzito.

Nilijifungua binti. Nilipomsikia analia nilifumba macho nikakataa kuyafungua. Mkunga alinigombeza. Mama ndiye aliyemchukua, akamfunua, akampekua kila mahali pale pale mbele ya watu, vidole, masikio, kisogo, kaakaa, makalio, anavyopekua kitambaa dukani kutafuta tundu.

"Ana uso," alisema mama. "Ana pua ya babake, Mungu amsaidie. Fungua macho."

Nilifungua. Alikuwa mtoto. Alikuwa mtoto tu, mwekundu, mwenye hasira, na nilimpenda kwa woga uliozidi ule wa mwanzo, kwa kuwa sasa hofu yangu ilikuwa na jina na kucha. Ungedhani iliishia hapo. Haikuishia. Akiwa na homa niliona sindano. Macho yake yalipokuwa na umanjano siku za mwanzo, kama ya vichanga wengi, nilimkimbiza hospitali nikipiga kelele kwamba ni ini.

Arobaini ilipopita nilirudi kazini, nimembeba mgongoni kwa kuwa hakukubali chupa. Daktari alikuwa amekuja kumwona nyumbani siku za mwanzo, ameleta sukari na kanga, na kabla ya kuondoka aliniomba kitu kwa aibu kubwa. Alikuwa amewaandikia wale wageni, nao walikuwa wamemletea dawa ya utambuzi, ile inayotambua damu ya binadamu. Alitaka tone langu na tone la mtoto. Alisema si kwa ajili ya mradi.

"Nataka ulale," alisema. "Na mimi nataka kulala."

Mama alisema damu ya mjukuu wake haitolewi na daktari wa ng'ombe, na aliyasema hayo akiwa amesimama. Mimi nilimwambia mama aniachie. Nilimshika mwanangu kisigino mwenyewe.

Kwa hiyo siku ile niliporudi, sahani ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kwa karatasi. Vishimo viwili tu vilikuwa na kitu ndani. Daktari alikuwa amekaa pembeni, hajaifunua.

"Muda umeshatimia," alisema. "Sijaangalia. Nimeona uangalie kwanza wewe."

Nilisimama pale. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimetaka kujua kuliko nilivyotaka chakula. Sasa jibu lilikuwa chini ya karatasi, karibu na mkono wangu, na ghafla nikaona litakavyokuwa. Ikiwa nyeupe, nitasema labda dawa imeharibika njiani. Ikiwa ya njano, nitamtazama mwanangu maisha yake yote kama ninavyotazama ini, nikitafuta. Baadhi, alisema mjomba, baadhi ipi? Mgongoni mtoto aliamka, akanisukuma kwa magoti yake mawili, akaanza kulia kutaka kunyonya.

Niliichukua sahani pamoja na karatasi yake. Nikaipeleka kwenye sinki nikiwa nimegeuza uso dirishani, nikafungua bomba. Nilisikia daktari anainuka kwenye kiti, halafu nikasikia anakaa tena. Niliosha kwa sabuni ya unga, nikasuuza kwa maji yaliyochemshwa, nikaiinamisha juu ya gazeti ikauke. Kisha nikamshusha mwanangu mgongoni, nikakaa kwenye kile kiti ninachokigeuza nisione chupa, nikamnyonyesha.